Kama Huna, Acha Wazi

Kwa miaka kumi na tisa alikaa dirisha namba tatu la ofisi ya usajili wa biashara, na wateja hawakuwahi kumwita kwa jina lake. Walimwita Mama Fomu. Mezani alikuwa na kalamu mbili, nyeusi ya kwake na ya bluu ya wateja. Ya bluu ilifungwa kwa uzi kwenye msumari, kwa sababu tatu zilizoitangulia ziliondoka na wenye biashara.

Kazi yake ilikuwa kupokea taarifa za mwaka. Kila biashara iliyosajiliwa, iwe kiwanda cha saruji au kibanda cha kushona viatu, ilitakiwa kueleza mara moja kwa mwaka imefanya nini: imeuza kiasi gani, imeajiri wangapi, ina mashine gani, mwenyewe ni nani. Fomu ilikuwa ya karatasi, kurasa nne. Watu walikuja nayo imejazwa nusu, imekunjwa mara nne, imelowa jasho la mfukoni. Mama Fomu aliipitia mbele yao kisanduku baada ya kisanduku. Akikuta kitupu aliuliza, "Na hapa je?" Mteja akijibu hana, alichukua kalamu nyeusi na kupiga kistari kifupi katikati ya kisanduku.

Alifundishwa hivyo siku ya kwanza na karani aliyempisha kiti, bibi mmoja mkali aliyekuwa amebakiza wiki mbili kustaafu. "Usipokee fomu yenye tundu," bibi alimwambia. "Kesho mtu atachomeka humo anachotaka, halafu utaulizwa wewe." Baada ya mwaka mmoja mkono ulikuwa ukipiga vistari wenyewe huku mdomo ukiuliza habari za watoto.

Kisha ofisi ikahamia kwenye mfumo wa kidijitali. Wataalamu walikuja na kiwango cha kuripoti kinachotumika katika nchi nyingi, na wazo lake, likielezwa taratibu, si gumu. Kila taarifa hupewa lebo. Namba 12 peke yake haiiambii kompyuta kitu. Ikibandikwa lebo inayosema ni wafanyakazi wa kudumu, wa biashara fulani, mwisho wa mwaka fulani, kompyuta inaweza kuisoma, kuijumlisha na kuilinganisha na ya biashara nyingine bila mtu kuigusa. Ugumu ulikuwa kwenye wingi. Orodha ilikuwa na lebo elfu moja mia nane na sitini, na mwongozo wake ulikuwa na kurasa mia tatu na arobaini. Mwenye mashine ya kusaga nafaka aliuweka mwongozo huo juu ya mizani yake, kisha akapiga simu dirisha namba tatu kutoa taarifa kwamba una kilo moja na robo.

Fundi cherehani naye alipiga. "Mama Fomu, wananiuliza mali zisizoshikika. Mimi cherehani yangu naishika kutwa. Niandike nini?"

"Acha kwanza, baba. Ngoja niulize."

"Uliza na hii: 'hali ya ukwasi'. Maana hali yangu naijua, ila ukwasi sijapata kukutana naye."

Mwaka wa kwanza, katika kila biashara ndogo tisa, moja tu ndiyo iliyofanikiwa kutuma taarifa. Msajili, mkuu wa ofisi, alimpandisha Mama Fomu ghorofa ya pili na kumpa kazi ya kuandaa fomu fupi ambayo mtu wa kawaida angeweza kuijaza kwenye simu. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya haki. Katika jengo zima, ni yeye tu aliyewahi kuwatazama watu wakijaza.

Alifanya kazi hiyo kwa miezi mitano pamoja na mhandisi wa mfumo, mwanamke wa miaka ishirini na saba aliyeitwa Injinia na kila mtu, hata na mfagizi. Walikaa chumba kilichokuwa stoo ya mafaili, meza moja, viti viwili visivyolingana urefu. Mama Fomu alitunga swali kwa maneno ya dirishani na Injinia akaliunganisha na lebo yake nyuma ya pazia, ili mwenye biashara asiione kabisa. "Mali zisizoshikika" zikawa: "Je, unalipia leseni, jina la biashara la mtu mwingine, au programu ya kompyuta?" Ukwasi ukapotea, hakuna aliyeulilia. Lebo elfu moja mia nane na sitini zikawa maswali ishirini na mawili. Ilikuwa kazi safi, na wote wawili walijua.

Waligombana mara moja tu, juu ya mstari wa saba wa maelekezo. Mama Fomu alikuwa ameandika: *Kama huna, acha wazi.*

"Hapo tubadilishe," Injinia alisema. "Wazi na sifuri ni vitu viwili tofauti. Sifuri ni jibu. Wazi maana yake mtu hajajibu."

"Mtu hana mfanyakazi. Ajibu nini?"

"Sifuri."

"Mwambie fundi aliyekaa mwaka mzima bila kazi aandike sifuri ya mauzo, sifuri ya wateja, sifuri ya wafanyakazi. Sifuri tatu, kama mtoto aliyefeli. Atazima simu akalale."

"Dada, akiacha wazi mfumo hautumi lebo. Upande wa pili hakuna kinachofika. Miaka miwili hivyo, biashara inahesabiwa imekufa."

"Mdogo wangu, wewe unaongea na mashine. Mimi naongea na watu. Miaka kumi na tisa."

Suala likapelekwa kwenye kikao cha watu kumi na mmoja. Mama Fomu alisimama akaeleza habari ya sifuri tatu, safari hii akiigiza na uso wa fundi mwenyewe. Watu wakacheka, mmoja akapiga makofi. Injinia alianza kusema jambo kuhusu wanaosimamisha kazi kwa ugonjwa, lakini chai ilikuwa imeingia. Muhtasari wa kikao unasema: *Mstari wa saba ulikubaliwa na wote.* Injinia alifunga kompyuta yake akasema, "Haya."

Kuhusu vile vistari vya kalamu nyeusi, Mama Fomu hakusema neno. Hakuficha. Havikumjia. Alikuwa amevipiga maelfu kwa maelfu bila kujua kwamba ndivyo vilikuwa jibu la mteja, kwamba yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu sifuri. Alipoirahisisha fomu aliondoa maneno magumu na kurasa tatu. Kitu cha tatu alichokiondoa ni yeye mwenyewe dirishani.

Fomu fupi ilipata umaarufu. Mwaka wake wa kwanza, biashara ndogo saba katika kila kumi zilituma taarifa. Mama Fomu alipewa cheti chenye fremu, akarudi nacho dirisha namba tatu, akakitundika ukutani juu ya kabati, na wageni kutoka ofisi nyingine waliletwa kumwona kama mtambo mpya.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mjomba wake.

Mjomba alikuwa fundi wa madawati. Baba wa Mama Fomu alipofariki, binti akiwa na miaka tisa, mjomba alikwenda kumchukua kwa dada yake, akamlea na kumsomesha mpaka chuo cha ukarani. Karakana yake ilikuwa nyuma ya ghala la mbolea: bati, meza tatu za kazi, gundi inayochemka kwenye kopo, vumbi la mbao hadi kwenye kope. Iliitwa Kaa Wima. Jina hilo lilitolewa na mkewe, mwalimu, ambaye kwa miaka yote ya kazi aliwagonga watoto mgongoni kwa kidole kimoja na kuwaambia maneno hayohayo mawili. Mjomba alikuwa na chuma chenye herufi za jina hilo. Alikipasha moto kwenye makaa na kukigandamiza chini ya kila kiti kabla dawati halijatoka. Mke alifariki, jina likabaki chini ya makalio ya nusu ya wanafunzi wa mji. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema hata mbele ya wakaguzi wa shule.

Alikuwa na tabia moja iliyojulikana na ukoo mzima. Hakukubali kitu mara ya kwanza. Ukimkaribisha chai, ametoka kunywa sasa hivi. Ukimpa kiti, anapita tu. Ukimuuliza tena, anakunywa vikombe viwili na kukaa mpaka jioni. Mkewe alikuwa akiwaambia wageni, "Mwulizeni tena, bado yuko njiani." Kila mwaka alipofika dirisha namba tatu na fomu yake, mpwa wake alimwonyesha kigoda kilichokaa chini ya dirisha.

"Shikamoo, mjomba. Kaa."

"Marahaba. Nitasimama tu."

"Kaa bwana, mjomba."

"Basi, kwa kuwa umelazimisha."

Fomu fupi ilipotoka, hakuhitaji tena kuja. Alimpigia simu. "Nimejaza mwenyewe! Dakika kumi na mbili, na hapo miwani nilikuwa nimeikalia. Wewe mtoto umetuokoa." Mama Fomu alicheka mpaka dirisha namba mbili likageuka kutazama. Hakumuuliza amejaza nini.

Mwaka ule mjomba hakuwa ametengeneza hata dawati moja. Alianguka kutoka kwenye kenchi la paa la karakana, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji, mafundi wake wawili wakatafuta kazi kwingine. Alijaza jina, anwani, mashine zake za randa. Mauzo hakuwa nayo, akaacha wazi. Wafanyakazi, wazi. Mwaka uliofuata mguu ulikuwa bado, akafanya vilevile, kwa dakika tisa. Onyo la mfumo lilikwenda kwenye barua pepe aliyofunguliwa na mwenye kibanda cha fotokopi. Nenosiri lilikuwa limeandikwa kwenye ukuta wa kibanda, na kibanda kilishahama.

Mwaka wa tatu alipona kiasi cha kutembea na fimbo. Shule zilitangaza zabuni ya madawati. Akawaita mafundi wake, akatengeneza dawati la mfano, akalipiga chuma, akalipeleka kwenye mkokoteni. Akaambiwa biashara yenye jina hilo na namba yake haimo kwenye daftari.

Alikuja dirishani asubuhi ya siku ya pili. Mama Fomu aliandika namba ya karakana kwenye kompyuta, akaisoma skrini, akaandika tena.

"Inasemaje?" mjomba aliuliza.

"Imefutwa."

"Nani kafuta?"

Aliandika jina badala ya namba. Kaa Wima ilikuwepo, hai, ya wiki tano. Mwenyewe alikuwa muuza magodoro, tena mtu aliyefuata sheria hatua kwa hatua: alitafuta jina, akalikuta halina mtu, akalichukua.

"Magodoro," mjomba alisema. "Godoro linaitwa Kaa Wima. Sasa hapo atalala nani?"

Mchana ule Injinia alipekua mfumo na kukuta biashara sitini na moja zilizofutwa kwa namna hiyohiyo. Za wagonjwa, za wajane, ya mfugaji wa kuku aliyefiwa na kuku wote. Sitini zilirudishwa kabla ya saa kumi. Majina yao hayakuwa yamechukuliwa na mtu. Mstari wa saba ulibadilishwa kwa dakika nne: *Kama huna, andika 0.* Injinia hakusema "nilikwambia". Mama Fomu anasema afadhali angesema.

Ilibaki moja. Msajili alimwita ofisini na kufunga mlango. Kulikuwa na njia, alieleza. Mwenye biashara anaweza kukata rufaa ndani ya siku thelathini tangu ajulishwe, na atarudishiwa jina akithibitisha kwamba alifuata maelekezo ya ofisi. Uthibitisho ni barua ya aliyeandika maelekezo.

"Barua yako," alisema Msajili. "Ukitaka kuandika, andika, sikuzuii. Ila wasikilizaji wa rufaa wataisimamisha fomu mpaka uchunguzi uishe. Wataomba muhtasari wa kikao. Na Injinia ataitwa kueleza kama aliwahi kumtahadharisha mtu."

"Na mimi?"

"Wewe unajua."

Alijua. Alitoka na kusimama kwenye ngazi, akiwafikiria watu wote ambao wangerudishiwa kurasa mia tatu na arobaini. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli. Nyuma yake ilikuwepo nyingine, fupi zaidi, kuhusu cheti kilichokuwa ukutani na miaka mitano aliyobakiza kabla ya pensheni.

Siku iliyofuata alikwenda karakana. Mjomba alikuwa amekaa kwenye dawati la mfano, mguu mbovu ameunyoosha. Chuma kilikuwa juu ya meza, kimesuguliwa kutu.

"Mjomba, kosa ni langu," alisema. Akamweleza yote, mpaka Injinia, mpaka makofi ya kikaoni. Mzee alisikiliza akiokota vipande vya mbao sakafuni na kuvipanga kwa ukubwa.

"Kwa hiyo ningeandika sifuri."

"Ndiyo."

"Na karatasini nilikuwa naacha hivyohivyo wazi."

"Nilikuwa nakupigia kistari."

"Ahaa." Aliuangalia mkono wake kana kwamba ndio uliokuwa na kistari. "Hilo sikuwahi kuliona."

"Naweza kuandika barua. Jina litarudi. Mimi kazini wataniuliza, lakini naweza kuandika."

"Acha, mwanangu," mjomba alisema. "Jina ni jina tu. Usijiharibie kazi kwa sababu ya kipande cha chuma."

Naye akasema, "Sawa, mjomba."

Wakanywa chai. Wakaongea habari za nyonga. Wakati wa kurudi alipita njia ya ghala kwa hatua nyepesi, mkoba begani, na anakumbuka kwamba alinunua machungwa na kubishana na muuzaji kwa furaha. Hapo ndipo anaporudi akilini kila mara, si kwenye kikao wala kwenye mstari wa saba. Kuhusu mstari anasema alikosea, na kukosea kazini kunampata mtu yeyote. Kuhusu machungwa hana la kusema.

Siku thelathini zikapita. Hakuzihesabu, na hilo nalo alilifanya kwa makusudi.

Wiki moja baadaye binti wa mjomba, ambaye alihamia kwa baba yake tangu ile ajali, alikuja kumtembelea nyumbani. Alikaa, akavua viatu, akasema bila kupandisha sauti, "Dada, ile barua ilishindikana?"

"Baba hakukwambia? Alikataa mwenyewe."

"Alikataa? Mbona alitoa cheti cha usajili cha zamani sandukuni, akakitia kwenye bahasha, akaiweka mezani tayari? Mwezi mzima. Pikipiki ikisimama nje, anatazama mlango. Juzi ndiyo kakirudisha." Akamgeukia. "Ulimuuliza mara ngapi?"

Mama Fomu alikuwa akimenya chungwa. Aliendelea kumenya.

"Dada, mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja!" binti alisema. "Baba?"

Katika ukoo wao hakuna aliyehitaji maelezo zaidi ya hayo. Mama Fomu alimletea mzee huyo vikombe vya chai tangu akiwa na miaka tisa. Alijua, kuliko mtu yeyote aliye hai, kwamba neno lake la kwanza halikuwa jibu. Alilipokea kama jibu kwa sababu lilikuwa lile alilolihitaji.

Mwezi uliofuata mjomba alifika ofisini kusajili karakana upya. Angeweza kutumia simu; alisema haamini tena dakika tisa. Alikuwa ameleta jina jipya kwenye kipande cha karatasi ya msasa: Karakana ya Madawati. Zabuni ya shule ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine. Chuma, alisema, amekifanya kizuizi cha mlango.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Alimwonyesha kigoda. "Kaa."

"Nitasimama tu."

Wafanyakazi wangapi, alimuuliza. "Sifuri," mjomba alijibu kabla swali halijaisha, kwa sauti ya mwanafunzi aliyelijua somo. Mauzo ya mwaka uliopita? "Sifuri. Andika vizuri, ionekane." Mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alicheka, naye mjomba akageuka akamtolea tabasamu la adabu. Fimbo ilikuwa imeegemezwa dirishani. Alikuwa amehamishia uzito wote kwenye mguu mzima, na kiwiko kilikuwa kikitetemeka juu ya kaunta.

Yalibaki maswali kumi na sita. Mama Fomu aliinuka, akatoka nje ya dirisha kwa mlango wa pembeni, jambo ambalo makarani hawaruhusiwi, akakiokota kigoda na kukiweka nyuma ya magoti ya mzee.

"Kaa bwana, mjomba. Mguu huo."

Mjomba alikitazama kigoda. Kisha akamtazama yeye, bila hasira hata kidogo.

"Nitasimama, mwanangu," alisema. "Endelea."

Akarudi ndani, akaendelea. Mzee alisimama mpaka swali la ishirini na mbili.